Ukuta Ambao Mitwali Hakuusikia

Kazi yangu mimi ni mawe. Naweka marumaru, na naweka yale mawe mazito ya rangi ya asali yanayotoka Minya, kusini mwa Misri, ambayo watu wa mji wetu wa Tanta siku hizi hawakubali kumwoza binti mpaka bafu liwe limevikwa kutoka sakafuni hadi juu. Lakini jiwe la ukutani halijibebi. Likibandikwa juu ya lipu mbovu, hata ulipange vizuri namna gani, umetega mtego. Ndiyo maana kwa miaka mingi sikugusa bafu la mtu kabla Mitwali hajalipitia.

Mitwali alikuwa fundi wa lipu, mtu mrefu, mzito wa kutembea, mikono yake imepasuka kwa saruji kama udongo wa shamba la mpunga likikauka. Akiingia bafuni hunyamazisha nyumba nzima. Redio izimwe, watoto watoke, hata mwenye nyumba aache kupuliza chai yake. Halafu anageuza mwiko, anashika upande wa chuma, na kwa mpini wa mbao anaanza kugonga ukuta kutoka chini kwenda juu. Lipu iliyoshikana na tofali hujibu kwa sauti fupi, ngumu. Iliyoachana nalo hulia kama mtungi mtupu. Pale panapolia anachora duara kwa mkaa.

"Hapa pamekufa," anasema. "Pazikwe."

Kisha anachukua nyundo na tindo, anabomoa mpaka tofali lionekane.

Wenye nyumba walikuwa wakilalamika, kwani nani anapenda kuona ukuta wake ukibomolewa? Yeye aliwajibu kwa mzaha.

"Baba, bibi harusi wako ana uzito gani?"

"Mitwali, koma!"

"Basi hili jiwe linamshinda. Na litakaa limening'inia hapa mchana na usiku, halijapewa hata sambusa. Niache nilitengenezee mahali pa kushika."

Nilimpenda. Tulifanya kazi pamoja tangu tuna nywele nyeusi.

Sikujua kwamba masikio yake yalikuwa yakifa. Ujana wake wote aliumaliza na mashine ya kutobolea zege, bila kuziba masikio hata kwa pamba, na mashine ile ilikuwa imeanza kudai haki yake. Aliyejua ni mkewe peke yake. Inshirah alifuga mabata juu ya paa la nyumba yao, na siku moja aliona mumewe amekaa katikati ya mabata wanaopigiana kelele, anavuta sigara kwa utulivu kama mtu aliye jangwani.

"Baba Wisam, mabata wamepagawa, huwasikii?" alimuuliza.

"Wana nini?"

Akamsogelea, akamuuliza tena kutoka nyuma. Hakugeuka.

Haya Inshirah alinisimulia baadaye sana. Alisema siku ile alilia, na Mitwali akakasirika kuliko alivyowahi kukasirika tangu waoane. Akamwapisha.

"Usimwambie mtu. Fundi wa lipu asiyesikia ni kinyozi kipofu. Nani atampa shingo yake?"

"Na siku utakapomkata mtu?"

"Bado nasikia kidogo. Nasikia vya kutosha."

Ndivyo alivyoendelea. Akaanza kuongea sana ili watu wasipate nafasi ya kumuuliza kitu. Akaanza kucheka kabla ya wengine. Sisi tulidhani amezidi kuchangamka uzeeni.

Ndipo ikaja kazi ya Hajati Nafisa.

Hajati alikuwa mjane, muuza vitambaa sokoni, mwanamke wa ulimi mkali ambaye hata wapiga porojo wa mlangoni kwake walimpisha. Alikuwa na binti mmoja, Hanan, aliyechumbiwa, na walikubaliana kwamba wanandoa wataishi hapo hapo kwake, katika jengo la zamani karibu na stesheni ya treni. Bafu likapaswa kufanywa upya. Mawe yakaletwa, vipande vipana, viwili viwili kwa mbeba mizigo mmoja, naye akizipanda zile ngazi kwa matusi.

Mitwali alitangulia, kama kawaida. Akanyamazisha watu, akagonga, akachora maduara machache, akabomoa pale, akaziba. Mimi nilipofika aliupigapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayemsifu farasi.

"Uko salama, Dusuki. Weka hata mlima."

Nikaweka. Kazi ilikuwa nzuri, nasema bila haya. Hajati aliingia, akapitisha kidole kwenye maungio, akasema, "Inapendeza. Nyie wezi leo mmefanya kazi." Kwake hiyo ilikuwa pongezi kubwa.

Samani za bibi harusi zikaanza kuletwa. Mchana mmoja, wiki ile ile ambayo Hanan angepakwa hina, Hajati aliingia bafuni na ndoo za maji ya moto kuosha sakafu. Mvuke ukajaa. Akasikia mlio, alisema yeye, kama mtu anayechana kitambaa cha pamba taratibu. Akageuka atoke. Ukuta wa upande wa dirisha ukamwachia mawe yake yote kwa mpigo, na yaliyomfikia yakamvunja mguu wa kulia mahali pawili.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumpeleka hospitali. Hanan alikuwa amekaa kwenye ngazi, gauni lake lina vumbi na damu ya mama yake. Niliingia, nikaokota kipande, nikakigeuza. Jiwe lilikuwa limeshika lipu vizuri kabisa. Lipu ndiyo iliyoachia ukuta, imetoka nzima nzima kama gamba la kidonda. Nyuma yake ilikuwa laini, inang'aa kijani. Miaka mingi nyuma, mtu alikuwa ameipiga lipu ile juu ya rangi ya mafuta bila kuikwangua. Haikuwa imeshika kitu tangu siku ya kwanza. Ukuta ule wote ulikuwa unalia kama mtungi mtupu. Fundi yeyote mwenye masikio angeusikia.

Mitwali alikuja anakimbia, viatu havijafungwa. Akasimama mlangoni mwa bafu. Hanan akamfuata, akamshika shati, na majirani wakajaa kwenye korido.

"Nilikuona ukigonga!" alimpigia kelele. "Nilikuona kwa macho yangu, umetunyamazisha wote, ukagonga! Hukusikia nini?"

Mitwali alikuwa akitazama midomo yake.

"Sikusikia," alisema.

Hanan alidhani anamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti iliyopasuka. "Nasema ulikuwa unagonga nini?"

"Sikusikia, binti yangu." Aliinua mkono wake wenye nyufa, akagusa sikio. "Ukuta sikuusikia. Ni muda mrefu sasa sizisikii kuta."

Niliyakumbuka mabafu yote tuliyoyafanya mwaka ule, na watu waliokuwa wakioga humo.

Tuliyapitia yote. Hilo lilikuwa jambo la kwanza Mitwali alilolitaka, na tulilifanya pamoja, mlango kwa mlango, mimi nagonga na kusikiliza, yeye amesimama nyuma yangu ameinamisha kichwa kama mtuhumiwa. Baadhi ya wenye nyumba walitufukuza. Wengine walitufungulia na kumtukana wakati nikigonga. Mungu alimsitiri, tulikuta sehemu moja tu mbovu, na tukaibomoa siku ile ile. Lakini habari ilikuwa imekwisha kutangulia, na haikusema hilo. Ilisema tu kwamba Mitwali ni kiziwi na amemuua nusu Hajati Nafisa.

Simu yake ikanyamaza. Kwa kejeli watu wakasema hata ikilia hataijua.

Mkahawani, ambako zamani alikuwa akivutiwa kiti, alikaa pembeni na glasi yake ya chai. Jioni moja Shauki, fundi umeme, aliketi mbele yake akiwa na sura ya huruma, akamwambia kwa sauti ya chini, midomo haichezi sana, "Eti, Mitwali, nasikia mkeo kafa?"

Mitwali alitabasamu, akaweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi, twashukuru."

Meza nzima ilicheka. Mitwali naye akacheka, kwa vile wenzake wanacheka. Nilisimama nikamwambia Shauki maneno ambayo siyaandiki hapa, lakini Mitwali alikuwa ameona sura yangu, akajua. Akaacha chai yake, akaondoka. Hakurudi tena mkahawani pale.

Daktari alimpa kifaa cha kuweka sikioni. Alikivaa akatoka nacho barabarani, akarudi uso umemkunjamana. Kila kitu kilikuwa kelele za sufuria, alisema; mtu akiongea ni sufuria, gari likipita ni sufuria. Akajaribu kukitumia kwenye ukuta wa chumba chake. Akagonga palipo pazima, akagonga mahali alipojua pameoza karibu na bomba. Sauti ikaja ile ile. Akakivua, akakiweka katika kikombe kabatini.

Kisha akaanza jambo lililomtisha Inshirah kuliko yote. Akawa anagonga kuta za nyumba yake. Anaamka, anakunywa chai, anachukua mwiko, na anagonga mpaka adhuhuri. Anaweka shavu ukutani. Anaweka paji la uso. Aling'ata mpini wa mwiko kwa meno, akaigandamiza ncha yake ukutani na kugonga kwa nyundo pembeni, akitumaini mfupa utamletea kile ambacho sikio limekataa. Jirani wa ng'ambo ya ukuta akaja kulalamika.

"Mama Wisam, mumeo anatafuta hazina?"

"Anatafuta akili zake, mama. Tuvumilie."

Inshirah aliingia chumbani, akamkuta Mitwali amepiga magoti, mwiko umeanguka, kichwa amekiegemeza kwenye lipu. Akadhani anasali, kisha akaona mabega yanavyotikisika. Aliniambia hajui kwa nini alifanya alichofanya. Aliokota mwiko, akaugonga ukuta juu ya kichwa cha mumewe, hapa, pale, akisogea. Mahali pamoja, karibu na dirisha, mlio ukabadilika. Akamwekea kiganja mgongoni, akagandamiza.

Mitwali akageuka. "Nini?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mitwali akachukua nyundo, akapiga pale. Lipu ikamwagika chini, na nyuma yake palikuwa na uwazi unaotosha kupitisha mkono.

Walikaa sakafuni, wametapakaa chokaa, wanatazamana.

Siku iliyofuata Mitwali akaenda kwa Hajati Nafisa. Alikwenda mara ya kwanza, Hanan akamfungia mlango. Akaenda mara ya pili, mchumba wa Hanan akatoka na kumsukuma kwenye ngazi. Arusi ilikuwa imeahirishwa, na familia ya bwana harusi ilikuwa imeanza kunong'ona kuwa nyumba ile ina nuksi. Mara ya tatu alikwenda na Inshirah, wakakaa nje ya mlango tangu asubuhi, mpaka sauti ya Hajati ikatoka ndani:

"Waingie! Majirani wataniona nafuga ombaomba!"

Alikuwa kitandani, mguu umefungwa jasi hadi pajani. Nami nilikuwapo, kwani Hanan alikuwa ameniita nije kuondoa kifusi na mawe yaliyobaki kwenye kuta nyingine.

"Umekuja kuniona, au kuniua mguu wa pili?" Hajati aliuliza.

Mitwali alitazama midomo, akamtazama mkewe. Inshirah akamrudia polepole. Mitwali akajibu, "Nimekuja kukujengea ukuta, Hajati. Bure, na vifaa ni vyangu. Kisha sitaonekana tena mbele yako."

"Wewe husikii."

"Sisikii."

"Sasa utajuaje kama umeoza?"

"Mke wangu ndiye atakayesikia."

Hanan akacheka kicheko kibaya. "Mama, umesikia? Mfuga mabata ndiye atapima ukuta wetu!"

"Nyamaza, wewe," alisema Hajati. Alimtazama Inshirah muda mrefu, viganja vyake, ushungi wake wenye vumbi. "Mumeo aliniambia ukuta mzima uko salama. Wewe ulikuwa unajua kuwa ni kiziwi?"

Inshirah angeweza kukana. Alisema, "Nilijua, Hajati."

"Na ukanyamaza."

"Aliniapisha."

"Kiapo!" Hajati alitema neno lile. "Mguu wangu umevunjwa na kiapo!" Akageuza uso ukutani. Tulisimama pale hatujui tuondoke au tubaki. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Mtaniwekea kiti mlangoni mwa bafu. Nitasikiliza mwenyewe. Na akikosea nitampiga kwa gongo langu."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Sijawahi kuona kazi kama ile. Mwanamke mmoja amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mwingine amesimama nyuma ya mumewe, kiganja mgongoni pake. Na Mitwali anagonga. Palipo pabovu Inshirah anagandamiza. Mara nyingine Hajati anamtangulia.

"Hapo pia! Hapo panalia kama tumbo la mwenye njaa!"

"Hapo pazima, Hajati. Ni bomba linapita."

"Unanifundisha nyumba yangu?"

"Haya, gonga tena, Baba Wisam. Tena."

Lakini walipofika nusu ya ukuta wa tatu, Mitwali aliweka mwiko chini. Aliangalia maduara ya mkaa, yamegusana hadi hayana maana. Akasema, "Sigongi tena. Natoa yote."

Akatoa yote. Kuta zote, mpaka tofali. Alikwangua rangi ile ya kijani mpaka kucha zake zikatoka damu, akachimba maungio ya matofali ili saruji ipate mahali pa kung'ata, akayalowesha. Kisha akarusha saruji nyepesi kwa mwiko, lile tabaka la kwanza lenye chunusi za kushikia lipu, ikakauka. Juu yake akatandaza wavu wa waya na kuukaza kwa misumari ndani ya matofali. Ndipo akapiga lipu, ya mchanga mkali na saruji, bila hata chembe ya jasi, akaipima kwa timazi na ubao. Halafu akainywesha maji kila asubuhi, kama mtu anayemlea mgonjwa. Mimi nilimhimiza amalize, kwani Hanan alikuwa akinipigia simu kila siku. Alinikatalia kwa kichwa tu. Mwisho akapaka dawa ya kuzuia maji, na akatuita.

Inshirah akaweka kiganja mgongoni mwake. Mitwali akagonga kutoka chini kwenda juu. Polepole. Ukuta wa kwanza. Wa pili. Niliusikia mlio mfupi, mgumu, ukirudi kila mara. Yeye hakusikia chochote. Alikuwa akisubiri mgongo wake uambiwe. Ukuta wa tatu. Wa dirishani, ule ulioanguka, aliugonga karibu kila inchi. Kiganja hakikugandamiza.

Alipofika juu kabisa aliteremka kutoka kwenye kigoda alichopandia na kumtazama mkewe, kama haamini. Inshirah akatikisa kichwa: hakuna. Mitwali akaketi kwenye ukingo wa sinki la kuogea, akalia mbele yetu wote, kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejua ni kubwa kiasi gani.

Hajati alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwambieni anyamaze, majirani watadhani nimekufa."

Niliweka mawe, safari hii kila kipande kikubwa kimefungwa waya wa shaba nyuma na kushikizwa kwenye tofali. Hanan akaolewa. Hajati alicheza arusini akiwa kwenye kiti, na mpaka leo anachechemea. Hakumsamehe Mitwali, wala hajawahi kusema kwamba amemsamehe. Wanapokutana sokoni anamtukana, na Mitwali, akisoma midomo yake, anainamisha kichwa.

Msidhani ukuta ule ulimrudishia kazi. Wanaume walisema hawataki mwanamke asimame bafuni mwao na fundi, na wanawake walisema hawataki kiziwi. Shauki alieneza kwamba Mitwali anagongewa kuta na mkewe kama mtoto anayelishwa uji. Kuna majira ya baridi waliyokula mabata wote, mmoja mmoja, mpaka paa likawa tupu. Ilikuwa baada ya hapo nilipomwambia aje kwangu abomoe. Hiyo ndiyo kazi aliyonayo hadi sasa. Kila bafu litakalobeba mawe mazito, Mitwali anaingia kabla yangu na kuondoa lipu yote, nzima kwa mbovu, hachagui. Anayebomoa zote hahitaji sikio. Ni kazi ya vijana, na mgongo wake umeinama, lakini anakataa nimsaidie. Lipu mpya ikishakauka Inshirah huja asubuhi, anachukua mwiko, anagonga yeye mwenyewe, na mumewe anasimama kando akimtazama usoni.

Sikio la pili, lililokuwa bado likisikia kidogo, lilizima mwaka jana. Siku moja tulikuwa tunakula maharage kwenye ngazi za jengo fulani, akaniuliza ghafla, kwa ile sauti yake ya kupayuka, "Dusuki, unajua kinachoniua?"

Nikatikisa kichwa.

"Sijui sauti ya mwisho ilikuwa ipi. Ya Inshirah, au ya mbwa, au ya honi ya lori. Nilikuwa pale, nikaisikia, na sikuijali. Ningejua ndiyo ya mwisho ningeisikiliza."

Nilimsogezea mkate. Aliumega, akala, akafuta mikono kwenye suruali, akaokota tindo na kupanda juu, ambako ukuta ulikuwa unamsubiri.